Kikombe cha Watu wa Bwawa

Tulimzika Mama Dorina juma lililopita, nyuma ya hoteli yake, na Robi akaja kutoka Kegonga kumzika pamoja nami. Mimi na Robi tulikuwa hatujaonana kwa miaka mingi ila kwa simu, na simu haionyeshi mvi. Alipoingia langoni, kilemba cheusi kichwani na mwili umenenepa vizuri, hakunipa pole wala hakulia. Alinitazama miguu kwanza, viatu vyangu vya ngozi vya mtu wa ofisi, akaniuliza nimeacha wapi gambuti zangu za mpira. Nikacheka kwa sauti, msibani, mbele ya wachungaji na mashemeji wa marehemu, na watu wakageuka kunitazama. Wa umri wetu hawakushangaa. Walitujua sisi ni nani: wasichana wa bwawa. Kuanzia hapo sikuisikia hotuba hata moja sawasawa. Mwili ulikuwa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, lakini mawazo yalikuwa yamerudi kwenye mwaka wangu wa kwanza wa kazi, hapa Nyakongo. Watu wakiniuliza ni chuo gani kilichonifundisha kazi, huwa nawatajia chuo. Jibu la kweli ni mwaka ule.

Siku hizi nasimamia mabwawa ya majitaka ya miji kadhaa ya Homa Bay na Migori, na vijana wenye digrii wananiita Madam. Sijivuni; ama tuseme najivuna kidogo, kwa sababu mimi nilianzia kwenye reki. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimemaliza shule, nimechoka kukaa, nikaona tangazo la kazi kwenye ukuta wa posta na kuomba bila kuuliza ni kazi gani hasa. Sitaeleza nilikotoka wala nyumbani walisema nini. Walisema yale ambayo kila mzazi angesema. Nilifika Nyakongo na sanduku moja, nikaoneshwa chumba bondeni, kando ya mabwawa, na ndani yake nikamkuta Robi ameketi kitandani akimenya viazi, ananikagua kana kwamba yeye ndiye mwajiri.

Kile chumba nakikumbuka kuliko nyumba zote nilizoishi baadaye. Kilikuwa na vitanda viwili, na katikati tulitundika leso kuwa pazia, pazia ambalo halikuzuia neno hata moja. Kulikuwa na stovu ya mafuta ya taa, meza yenye mguu uliotiwa jiwe chini, na dirisha lililotazama bwawa la kwanza. Robi alikuwa Mkuria wa Kegonga, mimi Mjaluo, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, na kila mmoja alikicheka cha mwenzake. Mwanzoni hakula omena, wale dagaa wa ziwani. Aliwatazama kwenye sufuria akasema hawezi kula chakula kinachomtazama. Mimi nami niliuona ugali wake wa wimbi na muhogo kuwa mweusi kupita kiasi. Baada ya mwezi mmoja tulikuwa tunagombania ukoko wa ugali ule na kuumwagia mchuzi wa omena, na sijui nani alimshinda mwenzake.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Maji machafu ya mji mzima, ya vyoo, ya hoteli, ya bafu za nyumba za kupanga, yalishuka kwa mabomba mpaka kwetu. Kwanza yalipita kwenye chujio la vyuma, na kila asubuhi sisi tulilikwangua kwa reki: matambara, magunzi ya mahindi, mifuko ya plastiki, na siku moja meno ya bandia ambayo hakuna aliyekuja kuyadai. Kisha maji yaliingia bwawa la kwanza, yakakaa siku nyingi juani, yakapita la pili, yakapita la tatu, na mwisho yakatoka kwa mfereji kwenda kijitoni yakiwa maji ambayo ndege walikuja kuyanywa. Chini ya hapo, kwenye kijito hicho hicho, akina mama wa bondeni walichota ya kufulia, na wengine, tuseme ukweli, ya kupikia.

Mkuu wetu alikuwa Bwana Oloo, mtu mnene na mpole aliyevaa tai hata siku ya kutoa tope. Siku ya kwanza alitusimamisha ukingoni akatuambia tusijidanganye, sisi hatusafishi chochote. Wanaosafisha ni wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaokula uchafu usiku na mchana bila mshahara, na sisi ni watumishi wao. Alitufundisha kulisoma bwawa kwa rangi. Likiwa la kijani zito kama mrenda, lala usingizi. Likigeuka kijivu, usilale. Nilimpenda Bwana Oloo kwa sababu aliongea kuhusu bwawa kama mfugaji anavyoongea kuhusu ng'ombe wake, na kwa sababu hakutuonea haya mbele ya watu. Walikuwapo waliotuonea haya, na wa kwanza kati yao alikuwa Mama Dorina.

Hoteli yake ilikuwa ng'ambo ya soko, mbao kwa mabati, meza za kitambaa cha plastiki chenye maua. Alipika ugali na sukuma wiki, nyoyo, yaani makande, yenye maharagwe mengi kuliko mahindi, chai ya maziwa ya rangi nzuri, na maziwa ya mgando yaliyofanya watu washuke kutoka Oyugis na kuuliza njia. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye mto wa pili, kiongozi wa akina mama katika kanisa la Wasabato, na usafi kwake ulikuwa nusu ya dini. Vibuyu vyake vya maziwa hakuruhusu mtu kuvigusa. Kulikuwa na hadithi iliyosimuliwa kwa kila mgeni kuhusu msichana wa kazi aliyejipendekeza kwa kuviosha vibuyu kwa sabuni mpaka ndani, vikang'aa, na kwa wiki nyingi maziwa hayakuganda, yakaoza tu. Mama Dorina alimfukuza msichana huyo siku ile ile ya kuviosha, akamrudisha kwao Oyugis na kilemba chake kikiwa bado kimelowa povu.

Mimi na Robi tulikula pale mchana kwa sababu hapakuwa na pengine. Siku ya kwanza tulipoagiza chai, Mama Dorina hakutuletea gilasi kama za wengine. Alikwenda nje kwenye nguzo ya baraza, akaangua kikombe cha bati cheupe chenye mdomo wa buluu uliobanduka, kilichotundikwa kwenye msumari, akakijaza na kukiweka mbele yetu kimoja kwa wawili. Hicho, alituambia kwa upole kabisa, ni kikombe cha watu wa bwawa. Waliotutangulia walikitumia pia. Tukimaliza, tukisuuze wenyewe bombani na kukirudisha msumarini. Kwa hiyo kila mchana tulikunywa kwa zamu. Robi akianza yeye, alikunywa taratibu makusudi, akitazama barabara kama bibi wa heshima, huku mimi chai yangu ikipoa kwenye birika.

Sikulia kwa ajili ya kikombe kile, lakini kiliniuma, na kiliniuma zaidi siku za vijana wa Macalder. Walikuja wikendi kutoka machimboni, tope limewakauka hadi masikioni, tope la dhahabu lililochanganywa na zebaki, sumu ambayo hata nzi hawaitaki, wakaketi katikati ya hoteli na kuletewa gilasi zinazong'aa. Sisi tulikuwa tumeoga kwa sabuni ya kipande, tumebadilisha nguo, kucha zetu fupi kama za wauguzi. Na siku moja, nikisubiri zamu yangu ya chai, nikasikia nyuma ya ukuta wa mbao wanawake wakichambua mchele na kutuchambua na sisi. Mmoja alisema yule mwenzake Robi ni mzuri wa sura. Mwingine akasema sura si kitu, nani atakula ugali uliosongwa na mikono ile. Walicheka, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka jambo lililo wazi. Robi alisikia pia. Alinisogezea kikombe kabla hajamaliza zamu yake.

Nilichotaka mwaka ule ni hicho tu, na sioni aibu kukisema: nilitaka kunywa chai kwenye gilasi ya kila mtu. Kazi ya kudumu niliitaka pia, maana tulikuwa kwenye majaribio ya mwaka mmoja. Lakini kazi naweza kupata kwingine, nilijiambia. Heshima ya hapa nitaipata hapa.

Ikaja habari kwamba makambi ya Wasabato, yale makutano yao makubwa ya Agosti, yatafanyika Nyakongo kwa mara ya kwanza. Wageni wangetoka kila upande, wangepiga mahema kwenye uwanja wa shule, na uwanja wa shule uko juu kidogo ya mabwawa yetu, mahali upepo wa alasiri unapopita. Mji ulipata kichaa cha furaha. Watu walipaka rangi milango. Mama Dorina alipewa kazi ya usafi, na hakuna aliyestahili zaidi. Sisi kule bondeni tulifurahi pia. Bwana Oloo alinunua tai mpya.

Kisha asubuhi moja nilifungua dirisha na kuona bwawa la kwanza limegeuka kijivu. Si weusi wala kijani, kijivu cha maji ya kuoshea vyombo, na juu yake mapovu meupe. Baada ya siku chache lilianza kunuka, na si harufu ya kawaida ambayo pua huizoea. Ilikuwa harufu ya mayai mabovu iliyoingia kwenye mashuka na kwenye unga. Tulikwangua utando, tukafungua na kufunga milango ya maji, tukalifanyia lile bwawa kila alichokijua Bwana Oloo. Likazidi. Upepo wa alasiri ukaupandisha uvundo uwanjani, kisha sokoni.

Kamati ya makambi na wakubwa wa mji walimwita Bwana Oloo, nasi tukaenda naye. Mwenyekiti alikuwa mfanyabiashara wa saruji, mtu wa maneno machache. Alisema wageni hawawezi kusali ndani ya harufu ya choo. Kama wiki ya kuelekea makambi itafika na hali ni hii, wataomba mabwawa yafungwe na bomba lielekezwe moja kwa moja kijitoni, kama zamani. Kituo kikifungwa, wafanyakazi nao waende. Bwana Oloo alisimama kujibu, akaanza kueleza oksijeni, mwani, bakteria, na kadiri alivyoeleza ndivyo nyuso zilivyofungwa. Mimi niliwafikiria wale akina mama wa bondeni na ndoo zao, na watoto wao wadogo. Mama Dorina alikuwa ameketi mstari wa mbele. Aliahidi mbele ya wote kwamba upande wake atazidisha usafi mara mbili ili harufu ishindwe. Watu wakampigia makofi.

Asubuhi iliyofuata Robi alikuwa kwenye chujio, reki mkononi, akasimama ghafla na kunusa hewa.

"Akinyi, kuja hapa," aliniita. "Hii harufu yenye inaingia si ya choo. Hii ni ya wodi."

Nikainama. Alisema kweli. Maji yaliyokuwa yakitujia kutoka mjini yalinuka dawa, ile dawa kali ya kuua vijidudu inayowasha macho. Tuliacha reki pale pale tukaanza kupanda na mstari wa bomba, tukifungua vifuniko vya chemba kimoja baada ya kingine, na kila chemba tuliyoifungua ilikuwa na povu zaidi na kutuchoma macho zaidi, mpaka tukatokea nyuma ya soko. Pale tuliwakuta akina mama wa kanisa, Wasabato na hata Wakatoliki waliojitolea kusaidia, wamejifunga leso viunoni, wanaimba, wanasugua vyoo vya soko, mifereji ya hoteli, bafu za lojing'i za wageni, na kumwaga dawa kwa ndoo. Walikuwa wakifanya hivyo kila siku tangu habari za makambi zifike. Na tangu harufu ianze, walikuwa wamezidisha dawa ili kuifukuza. Katikati yao alisimama Mama Dorina na ufagio, uso unang'aa kwa jasho na kuridhika. Mji ulikuwa haujawahi kuwa safi namna ile, na kila tone la usafi huo lilikuwa limeshuka kwetu kuua wadudu wetu.

Robi alitaka kusema papo hapo. Nilimvuta mkono. Niliwaza nikimwambia mbele ya wenzake, hatasikia, atapigana, na mimi pia ningepigana, kwa sababu nilikuwa na hasira ya miezi mingi na ingetoka yote. Bwana Oloo, tulipomweleza, alikaa chini kwenye wilbaro, lile toroli letu la tope, akavua tai. Alisema dawa ikikoma leo, bado kuna tumaini. Bwawa la tatu lilikuwa mbali, sumu haikuwa imelifikia. Bado lilikuwa kijani. Yakichukuliwa maji yake na tope lake yakamwagwa kwenye la kwanza, wadudu watazaliana upya. Lakini yanatakiwa mengi, na sisi tulikuwa watu watatu na wilbaro moja. Zaidi ya yote, dawa ikome. Akaniuliza kama namwogopa Mama Dorina. Nikasema ndiyo. Akasema hata yeye.

Nilikwenda alasiri, wateja wamepungua, na nikaingia kwa mlango wa jikoni, mlango ambao watu wa bwawa hawakuutumia. Mama Dorina alikuwa ameketi kwenye kigoda, vibuyu vyake mbele yake, anavisuuza kwa maji ya moto na kuvitia moshi wa kijinga cha kuni. Alinitazama miguu, kisha uso. Hakunifukuza. Nikamwambia moja kwa moja, dawa yenu ndiyo imeua bwawa.

"Dawa inaua uchafu, nyathina," alisema bila kuinua sauti, akiniita mwanawe kwa Kijaluo. "Nyinyi kazi imewashinda, sasa mnatafuta mtu wa kulaumu."

Nilianza kwa maneno ya Bwana Oloo na nikaona uso wake unafungwa kama nyuso za kamati. Nikayaacha. Nikamwambia tu kwamba mle bwawani kuna viumbe vidogo sana, vilivyo hai, na vyenyewe ndivyo vinavyokula ule uchafu mpaka maji yakatakata. Sisi tunavilinda. Dawa haichagui, inaua vyote, vibaya na vizuri, na vikifa uchafu unabaki peke yake na unaoza. Hiyo ndiyo harufu.

"Hao wadudu wanaonekana?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Unaona kazi yao tu."

Alikuwa ameshika kibuyu kikubwa, kile cha zamani, mkono umezama ndani hadi kiwiko. Mkono ukasimama. Alikitazama kibuyu, akanitazama mimi, akakitazama tena, na nikaona jambo linampita usoni polepole. Moshi ulikuwa unamwingia machoni, hakuyafuta.

"Kwa hivyo," alisema, "mimi ndio nimeosha kibuyu na sabuni."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi haukuja, hasira yangu ikabaki imesimama bila pa kwenda. Nikamwuliza, kibuyu kikishaharibika hivyo, mtu hufanya nini. Akasema unaacha sabuni, unaenda kwa jirani mwenye maziwa mazuri, unamwomba kidogo, unaanza upya. Nikamwambia sisi jirani tunaye. Anaitwa bwawa la tatu.

Asubuhi yake tulikuwa ukingoni, mimi, Robi na Bwana Oloo, tunachota kwa karai na kujaza wilbaro, tulipowaona wanashuka. Walikuwa akina mama wa kanisa karibu wote, na mabeseni na mitungi, leso zimefungwa puani. Mama Dorina aliwasimamisha. Sijui alikuwa amewaambia nini njiani, lakini pale aliongea mbele yetu sote, kwa ile sauti ya mto wa pili.

"Yule msichana wa Oyugis nilimfukuza juu ya sabuni. Sasa mimi nifukuzwe na nani?"

Bwana Oloo alieleza kazi: kuchota hapa, kumwaga kule, kusiwe na mtu wa kugusa mdomo, kunawa kwa sabuni mwishoni. Walielewa. Lakini hakuna aliyesogea. Wote walikuwa wamebeba maji kichwani tangu utotoni, na wote walikuwa wanayatazama maji yale ya kijani na kuvitazama vichwa vyao. Nilijaza beseni moja na kulishika. Nilikuwa tayari kulibeba mwenyewe na kuwaacha pale. Mama Dorina akafungua leso yake, akaikunja ngata, akaiweka kichwani, akaja mbele yangu na kupinda magoti.

"Nitwike," alisema.

Nilimtwika. Beseni liliinama na maji yakamwagika kidogo, yakamshuka shavuni hadi shingoni, kijani. Hakuyafuta. Alisimama, akanyoosha mgongo, akatembea ukingo mzima hadi bwawa la kwanza kama mtu anayetoka kisimani, akamwaga na kurudi kuomba jingine. Hapo ndipo wengine walipokuja. Tulibeba siku ile na siku zilizofuata, na dawa haikumwagwa tena. Kufikia jioni ya kwanza walikuwa wameshaanza kuimba tena, na Robi, asiyejua neno moja la nyimbo zao, aliimba kuliko wote.

Siku ile ya kwanza, tulipomaliza na kunawa mpaka ngozi ikauma, Mama Dorina alituita sote hotelini. Watu walikuwa wengi, wanawake wamejaa meza, gilasi zinapitishwa. Mimi na Robi tulisimama barazani karibu na nguzo yetu, kwa mazoea. Mama Dorina akatoka na birika. Akaangua kile kikombe cha bati msumarini. Niliona aibu kwa niaba yake na kwa niaba yangu. Nilifikiri, hata leo? Akakijaza. Kisha akakinywa yeye mwenyewe, amesimama pale mlangoni, wanawake wote wanamtazama, akanywa hadi mwisho na kupangusa mdomo kwa kiganja.

"Mimi nimekuwa mtu wa bwawa," alisema. "Wapeeni wasichana gilasi."

Chai ile ilikuwa na sukari nyingi mno, nami niliinywa hadi tone la mwisho. Robi alimaliza yake akaomba nyingine. Sitasema nilimsamehe Mama Dorina palepale. Miezi ya kunywa kwa zamu haifutwi na gilasi moja. Nilimsamehe kidogo kidogo, kadiri bwawa lilivyorudi. Kijani chake kilianzia pembeni, kama ukungu wa mkate, kikasogea katikati. Makambi yalipofunguliwa bado palikuwa na harufu, nisidanganye. Mgeni mmoja mzito aliomba sala ya ufunguzi na leso puani, na Mama Dorina akamwambia baadaye kwamba Mungu anasikia hata wanaonusa. Kufikia Sabato ya mwisho hakuna aliyekuwa anaitaja tena. Mwenyekiti wa kamati hakuja kutushukuru wala kutuomba radhi. Alinyamaza tu, na bomba halikuguswa. Mwaka ulipoisha niliandikwa kazi ya kudumu. Robi aliandikwa pia, akakataa, akarudi Kegonga kulima na kuolewa na mwanamume ambaye Robi mwenyewe, aliniapia, alimwambia tangu siku ya kwanza mikono ile imefanya kazi wapi. Mimi niliendelea, nikasoma, nikahamishwa mji hadi mji, na kila mji mpya nimeanza kwa kuwatafuta akina mama wenye vibuyu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyawaza huku wachungaji wakimsifu marehemu kwa usafi wake. Hakuna aliyetaja bwawa, na sikuona kosa. Pengine mwenyewe asingependa. Baada ya maziko tulipelekwa hotelini kula. Siku hizi inaendeshwa na binti yake, Dorina mwenyewe, naye ni mama mtu mzima mwenye sauti ile ile. Nguzo ya baraza ni ya zamani, msumari bado upo, na juu yake limetundikwa chujio la chai. Robi aliuona kabla yangu. Alinigusa goti chini ya meza, na tukautazama pamoja hadi nyoyo ikafika mezani.

Tulikuwa tunakula wakati alipoingia Ouko, msimamizi wa sasa wa mabwawa ya Nyakongo, baba wa watoto wazima, kijana wangu kikazi ingawa ana upara. Alikuwa ametoka moja kwa moja bondeni, kwa sababu bwawa halina likizo ya matanga, na gambuti zake zilikuwa na tope mbichi. Nilijikuta nimeacha kutafuna. Nilimwona Robi naye ameinua macho. Ouko alipita kati ya meza akisalimia watu, akavuta kiti palipokuwa na nafasi, katikati ya mashemeji wa marehemu, na shemeji mmoja akamlalamikia kwamba amechelewa na nyama imekwisha. Mtoto wa nyumba alipita na birika. Ouko akachukua kikombe kilichokuwa karibu, sijui kilikuwa cha nani kabla yake, kikajazwa, akanywa huku anabishana kuhusu nyama. Alipomaliza, akakirudisha kwenye beseni pamoja na vingine.